Paa la pande nne, mgongo wa tembo au la kuficha? Ulinganisho kwa anayejenga Mtwara na Lindi akiwaza kimbunga

Malipo ya minada ya korosho yakianza kuwafikia wakulima kuanzia Oktoba, kirikuu za saruji na bati huanza kupishana kwenye barabara za Tandahimba, Newala, Ruangwa na Mtama. Ndio msimu wetu wa kujenga. Kwa bahati mbaya ndio pia wakati unapofunguka msimu wa vimbunga wa kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambao kwa kawaida huanza Novemba na kuishia Aprili. Yaani miezi ileile ambayo nyumba nyingi za mikoa hii zina kuta zisizofika lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) na kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zilizoshikizwa kwa msumari mmoja mmoja, ndiyo miezi ya hatari.

Najua jibu litakalokuja: "Huku hakuna vimbunga." Ni nusu ya ukweli. Tuko nyuzi 10 tu kusini mwa ikweta, na karibu na ikweta kimbunga hupata shida kujisokota, ndiyo maana vingi huishia Madagaska na Msumbiji. Lakini Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi na kuua watu. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma, kikiwa na upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na Mtwara shule zilifungwa watu wakakaa kusubiri. Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia, na mvua zake zikakata barabara ya kwenda Dar es Salaam pale Somanga, tukabaki kama kisiwa. Desemba ya mwaka huohuo Chido kilitoka kukibomoa kisiwa cha Mayotte kikatua tena Cabo Delgado.

Simwambii mtu ajenge handaki. Wengi wetu tunajenga kwa awamu, msimu huu msingi, msimu ujao boma, na hakuna wa kutupa fedha kwa ajili ya janga ambalo huenda likaja mara moja katika maisha yake. Ninacholinganisha hapa ni machaguo ambayo tofauti yake ya bei ni ndogo na tofauti yake siku ya upepo ni kubwa. Na niseme mapema ninakoelekea: tunatumia fedha nyingi kwenye ukuta na uzuri wa mbele, wakati nyumba inaamuliwa na vifungo vinavyolishika paa.

Upepo unafanya nini hasa

Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, msukumo wake unakuwa mara nne. Ikiwa mara tatu, msukumo unakuwa mara tisa. Upepo wa kilomita 60 kwa saa, ule wa kudondosha maembe mabichi, tunaujua sote. Ukifika kilomita 180, kila mita moja ya mraba inapokea nguvu ya takriban kilo 150. Tena juu ya paa nguvu hiyo haikandamizi tu. Upepo ukipita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na mvuto ni mkali zaidi pembeni, kwenye kona na kwenye kofia, yaani kilele cha paa. Bati la kawaida halifiki kilo 5 kwa mita ya mraba. Jumlisha kenchi na papi (mbao za kupigilia bati), labda utafika kilo 20. Ulinganishe huo uzito na zile 150 uone nani atashinda.

Jambo la pili ni mwelekeo. Nimesikia watu wakisema wameipa nyumba mgongo upande wa kusi, yaani upepo wa kusini, basi wamemaliza. Kwetu, kusini mwa ikweta, kimbunga huzunguka kufuata mshale wa saa. Kikija moja kwa moja kutoka baharini kuelekea Lindi, upepo utaanza kuvuma kutoka kusini, kisha jicho, yaani kitovu cha kimbunga, likipita kutakuwa shwari, watu watatoka nje kuokota vitu, halafu upepo utarudi kwa nguvu kutoka kaskazini. Kikipita Cabo Delgado, Mtwara hupigwa na upepo unaotoka bara. Kikipita kaskazini yetu kama Hidaya, hupigwa na upepo unaotoka baharini ukisukuma mawimbi na mvua. Hivyo nyumba haina mgongo. Kila upande ni uso.

Umbo la paa

Paa la mgongo wa tembo, lenye pande mbili na kuta za pembetatu kwenye ncha, ndilo rahisi kuliko yote. Linakula mbao chache, bati halikatwikatwi, na fundi wa kijijini analimaliza haraka. Udhaifu wake uko kwenye hizo pembetatu. Pembetatu ya matofali iliyosimama juu ya lenta bila nguzo wala mkanda wa zege ni ukuta mwembamba uliosimama peke yake, na upepo ukiupiga usoni unaanguka ndani, mara nyingi juu ya kitanda, maana vyumba vya kulala ndivyo viko pembeni. Ukuta ukianguka, upepo unaingia chini ya bati na kazi imeisha.

Paa la pande nne halina pembetatu hizo. Upepo ukitoka popote unakuta mteremko, na kenchi za kona zinashikana zenyewe. Linataka mbao zaidi, mabati ya kukata yanapotea, na linataka fundi anayejua kupima kona. Kwa nyumba ya mstatili isiyo na makona mengi, hili ndilo ningejenga, lenye mteremko wa nyuzi 30 hivi au kuzidi kidogo. Paa la kulala sana, nyuzi 10 au 15, huvutwa juu kwa nguvu zaidi. Lakini ukiongeza makona na mabonde (pale miteremko miwili ya paa inapokutana kwa chini) ili nyumba ionekane ya kisasa, unarudisha kwa mkono wa kushoto ulichopata kwa wa kulia: kila bonde ni mahali pa kuvuja, na kila kona ni mahali ambapo upepo unapata pa kushika.

Halafu kuna paa la kuficha, lile lililozungushiwa ukuta mfupi ili nje lionekane kama boksi. Limeingia Mtwara mjini kwa kasi, Shangani na kwingineko, na siwezi kukana kwamba linapendeza. Tena ule ukuta unapunguza kidogo mvuto wa upepo kwenye kingo za bati. Ila ukuta wenyewe mara nyingi ni kozi tatu au nne za tofali zilizowekwa juu bila nondo hata moja, na zikidondoka zinadondoka juu ya bati. Paa limelala, kwa hiyo mvua ya kimbunga haina pa kukimbilia isipokuwa mfereji wa ndani, ambao majani ya mwembe yakiuziba maji yanajaa na kurudi kwenye jipsam ya dari. Anayelitaka kweli afunge mkanda wa zege juu ya ule ukuta, ateremshe nguzo zenye nondo hadi kwenye lenta, na aweke matundu makubwa ya dharura ya kutolea maji. Akishafanya hayo atagundua paa la pande nne lingekuwa rahisi zaidi.

Vigae sitakaa navyo sana. Ni vizito, na uzito huo unasaidia, lakini kigae kisichofungwa kimoja kimoja kinang'oka na kuwa jiwe la kutupwa. Zege la juu, yaani slabu, ndilo imara kuliko yote na ndilo ghali kuliko yote. Mwenye uwezo anaweza kumwaga slabu juu ya chumba kimoja tu, choo na bafu au stoo ya ndani, pawe pa kukimbilia. Hilo naliona ni wazo zuri kuliko watu wanavyolichukulia.

Kifungo: hapa ndipo pa kukaa na fundi

Nenda kwenye boma lolote linaloezekwa, simama chini ya mchirizi (ukingo wa chini wa paa) uangalie kenchi inavyokutana na ukuta. Kawaida utaona hivi: lenta ipo, imetoka vizuri. Juu yake kuna kozi mbili tatu za tofali. Juu ya tofali imelazwa mbao ya kupokea kenchi. Hiyo mbao imeshikwa na vipande vya waya wa kufungia nondo vilivyochomekwa kwenye mchanganyiko kati ya kozi mbili za juu. Kenchi imepigiliwa kwenye mbao kwa misumari miwili ya kuinamisha. Upepo ukivuta juu, kwanza misumari ya kuinamisha inachomoka kwa sababu msumari laini hauna meno. Ikikaza, waya unanyofoka. Waya ukikaza nao, kozi ile ya juu ya tofali inabanduka na kuondoka pamoja na paa, kwa sababu kati yake na lenta hakuna kilichozishika ila saruji ya kuungia.

Linganisha na njia hii. Wakati wa kumwaga lenta, chini ya kila mahali itakapokaa kenchi, unaacha nondo ya milimita 8 au ukanda wa chuma bapa uliopinda chini ya nondo za lenta na kupanda juu. Tofali za juu zinajengwa huku nondo au ukanda huo ukiwa umesimama wima. Mbao ikishalazwa na kenchi ikishakaa, ukanda unapitishwa juu ya kenchi na kushushwa upande wa pili, kisha unapigiliwa misumari minne au mitano kwa ubavu. Ukitumia nondo, unaikunja juu ya kenchi na kuipigilia misumari ya kupinda. Bora zaidi ni kuacha zile kozi za juu na badala yake kupandisha mkanda wa pili wa zege pale kenchi inapokaa, wenye nondo nne za milimita 12, ukizunguka nyumba nzima bila kukatika, hata kwenye kuta za ndani.

Kwa nyumba ya vyumba vitatu, nondo za kufungia kenchi zote hazifiki bei ya mlango mmoja wa mninga. Kinachokosekana si fedha. Lenta inamwagwa na fundi wa ujenzi, kenchi inaletwa na fundi wa paa miezi sita baadaye, na hawa wawili hawajawahi kuonana. Mwenye nyumba ndiye peke yake anayewajua wote. Siku ya lenta uwepo, na michoro ya kenchi iwe imeshaamuliwa, ujue kila moja itakaa wapi. Fundi atakwambia, "Bosi, hiyo kazi ya nini, tumejenga nyumba ngapi hapa." Mjibu kwa upole kwamba fedha ni yako, na nondo aziache.

Msumari au skrubu

Msumari wa bati wenye shina laini ndio wa bei ndogo, na ndio unaoanza kulegea bati likipanuka kwa jua na kusinyaa usiku. Wenye shina lililosokotwa unashika zaidi. Skrubu yenye raba inashika kuliko yote, inataka mashine ya kukazia, na mafundi wengi wa mjini wanayo siku hizi. Kwangu, mtu akiwa na fedha ya kuchagua kati ya bati nene la geji 28 lililopigwa misumari laini na jembamba la geji 30 lililokazwa skrubu, achukue skrubu. Bati jembamba lina ubaya wake, linachanika kuzunguka kichwa cha msumari, lakini bati nene lililoshikwa vibaya linaondoka likiwa zima.

Asiye na skrubu ana njia ya zamani isiyogharimu kitu: atumie misumari mirefu inayotokeza chini ya papi, kisha mtu apite ndani na nyundo akiikunja ncha. Haipendezi, na ukiweka dari hakuna atakayeiona. Papi zisipishane zaidi ya sentimita 90 katikati ya paa, na zisogezwe karibu, sentimita 60 au pungufu, kwenye michirizi, kwenye kofia na kwenye ncha. Kwenye maeneo hayo piga kila mgongo wa bati, si kuruka ruka. Kwa walio karibu na maji, Msimbati, Msanga Mkuu, Mikindani, Kilwa Kivinje, chumvi hula kichwa cha msumari kabla ya bati, kwa hiyo angalia umepakwa zinki ya kutosha. Na mchanga wa ufukweni usiuweke kwenye zege lenye nondo. Chumvi yake inaozesha nondo ndani, zege likiwa bado linaonekana zima nje.

Bloku, tofali la kuchoma, au miti na udongo

Watu hudhani hapa ndipo penye uamuzi mkubwa. Bloku ya inchi 6 iliyolazwa ni ukuta mzito usioyumba, mradi bloku yenyewe iwe ya kweli. Kiwanda cha saruji kiko Mtwara hapahapa, lakini wafyatuaji bado wanauvuta mfuko mmoja utoe tofali nyingi kuliko unavyoweza. Chukua moja, liachie toka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu. Likipasuka vipande viwili si vibaya sana. Likisambaa kuwa mchanga, rudisha. Tofali la kuchoma la bara, kwa wenzetu wa Nachingwea na Masasi, linafaa vilevile likiwa limeiva, na kona zikishikwa na nguzo za zege.

Nyumba ya miti na udongo inadharauliwa kuliko inavyostahili. Viguzo vimechimbiwa ardhini, na kitu kilichochimbiwa ardhini kimeshikwa. Fito na kamba zinakubali kuyumba kidogo kabla ya kuvunjika. Makuti yanapitisha upepo, yanaanza kunyofoka moja moja, na yakimwangukia mtu hayamkati shingo. Adui wake ni maji na mchwa: mvua ya siku mbili inamenya udongo, na kiguzo kilichooza kwenye usawa wa ardhi kinakatika. Ukiinua msingi wa mawe, ukapaka viguzo dawa au lami, ukaweka miti ya mshazari kwenye kila kona ili fremu isilale upande, na ukapaka ukuta plasta yenye chokaa au saruji kidogo, una nyumba ambayo siku ya upepo naiamini kuliko boma la bloku lililoezekwa kwa haraka.

Ninayoihofia ni ile ya katikati, ambayo imejaa vijijini: kuta za udongo, makuti yametolewa, juu limewekwa bati lililopigiliwa kwenye fito nyembamba na kuwekewa mawe au matairi ya kulikandamiza. Bati halipitishi upepo kama makuti, kwa hiyo linabeba nguvu yote, na fito haina nyama ya kushika msumari. Likiruka ni panga. Anayehama kutoka makuti kwenda bati anunue kwanza mbao za papi na waya mnene wa kufunga kila kenchi kwenye kiguzo chake, mpaka chini ya fito ya pili. Bati lije baadaye, hata msimu unaofuata.

Madirisha, baraza na upenu

Grili huzuia mwizi, upepo hauijui. Kioo cha dirisha la kusukuma kikipasuka upande unaopigwa, upepo unaingia na kulisukuma paa kwa ndani wakati huohuo nje linavutwa. Nyumba nyingi zinaezuliwa hapo. Nyumba za kale za Mikindani zina vibao vizito vya mbao vinavyofungwa kwa nje, na hiyo teknolojia haijapitwa. Kama umeshaweka aluminiamu, kata plaiwudi ya kila dirisha mapema, toboa matundu, weka na skrubu zake stoo.

Upenu mrefu unatupa kivuli, na kwa jua la Lindi sitamwambia mtu auondoe wote. Sentimita 45 au 50 zinatosha, zaidi ya hapo unampa upepo mpini. Baraza nalo liezekwe peke yake, chini kidogo ya paa kubwa, badala ya kurefusha bati moja kutoka kofia mpaka nguzo za nje. Baraza likiondoka, liondoke peke yake. Wenye nyumba hawapendi ushauri huu kwa sababu unavunja mstari wa fishabodi, ule ubao wa ukingo wa paa. Sawa, lakini basi nguzo za baraza zichimbiwe kwenye zege na zifungwe juu na chini, si kusimamishwa tu juu ya sakafu.

Kwa aliyekwisha kuhamia

Kama nyumba ipo na hutaki kubomoa, anza juu ya dari. Ingia na tochi kwenye kona nne, ndipo panapovutwa zaidi, uone kama kuna chochote kinachoifunga kenchi kwenye ukuta. Ukikuta misumari mitupu, toboa ukuta chini ya lenta, pitisha nondo au waya mnene uliosokotwa mara mbili, uzungushe juu ya kenchi na uukaze. Anza na kenchi za kona, kisha zinazofuata kila ncha, kisha za katikati fedha ikiruhusu. Halafu panda juu, badilisha misumari iliyolegea ya mchirizi na kofia kwa skrubu. Mnazi ulioinamia nyumba upunguze au uutoe. Boma ambalo halijaezekwa, na ncha zake zimeshapanda, liegemezee miti pande zote mbili za ukuta mpaka lenta ishike, na usiache paa limefunikwa nusu, kwani bati la mwisho lililoishia hewani ndilo la kwanza kunyanyuka. Fedha ya mabati yote ikiwa haijatimia Novemba ikifika, acha kenchi wazi mpaka itimie, na fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambazo kwa Kenneth, Jobo (kimbunga cha Aprili 2021) na Hidaya zilitolewa kabla upepo haujafika.